Mtu akichoka kabisa anaenda wapi? Milango niliyogonga kwa ajili ya uzazi, unga na ndoa (uzi mrefu, tuelekezane)

Kifungua Mimba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana jukwaa.

Jumapili usiku binti mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu. Akaanza na salamu ndefu, akauliza watoto, akauliza biashara, halafu akasema: "Dada, hivi mtu akichoka kabisa huwa anaenda wapi?" Nikamuuliza amechoka na nini. Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Tuliongea mpaka saa saba usiku, asubuhi nikamsindikiza alikotakiwa kwenda. Yake sitayaeleza, ni yake. Ila swali lake limenikaa, maana mimi mwenyewe nimeliuliza mara tatu ndani ya miaka sita na kila mara jibu lilikuwa tofauti. Kila nilipokosea mlango nilirudi nyumbani nikiamini msaada haupo kabisa. Kumbe upo, ila siyo pale nilipogonga.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, tumezaliwa watano, naishi Temeke. Ukiwa wa kwanza, matatizo ya nyumbani yanakujia hata kama huna hela wala majibu. Naandika niliyoyapitia. Mwenye la kwake aongezee.

Naanza na langu. Nilipojifungua mtoto wa pili, mama alitoka Korogwe akakaa nami siku arobaini. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa, mimi nalala. Arobaini ilipoisha akapanda basi. Wiki iliyofuata nikaanza kushtuka saa tisa usiku hata kama mtoto amelala, nakaa kitandani moyo unaenda mbio. Mchana mtoto analia, namsikia, najua anataka ziwa, mkono haunyanyuki. Siku moja nililia kwa sababu chumvi imekwisha. Mume wangu akadhani nimemkasirikia. Wifi akasema nadeka. Shangazi akasema nimerogwa, akataka twende kwa mtu huko Mkuranga.

Nilienda kwanza kwa kiongozi wangu wa dini. Nashukuru aliniombea, lakini akaniambia shida yangu ni kukosa shukrani kwa Mungu aliyenipa mtoto mzima. Nikatoka pale na tatizo nililokuja nalo, na juu yake dhambi mpya. Nilikaa miezi miwili bila kumwambia mtu mwingine. Hili naomba mlielewe vizuri, hasa nyie mnaoambiwa mambo na watu: jibu la yule wa kwanza ndilo lililoamua kama nitamwambia wa pili.

Aliyenitoa ni muuguzi wa kliniki. Nilimpeleka mtoto kupimwa uzito na chanjo. Akaandika kilo kwenye kadi, akaniangalia, akasema: "Mtoto anaendelea vizuri. Na wewe mama, unalala?" Swali hilo tu. Nikalia mbele ya foleni nzima. Akanivuta pembeni, akaniuliza kama bado naweza kucheka, kama najilaumu bila sababu, kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Baadaye nilikuja kujua kuna dodoso la maswali 10 kwa ajili ya waliojifungua, lilitungwa Edinburgh na kuchapishwa 1987, na kwamba maswali yake yalikuwa ya namna ile ile. Hayachukui hata dakika kumi. Ninatamani kila kliniki ya mama na mtoto iyaulize.

Niliandikiwa rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili. Jina la ugonjwa likawa sonona baada ya kujifungua. Daktari alichagua dawa ninayoweza kutumia huku nanyonyesha, akaniambia mapema kwamba haifanyi kazi kesho yake kama panadol, nihesabu wiki kadhaa. Aliniokoa kwa kuniambia hivyo, maana siku ya kumi nilitaka kuitupa chooni. Wiki ya tano nililala usiku mzima. Nilikutana pia na mwanasaikolojia kila baada ya wiki mbili, na mume wangu alikuja mara mbili. Mara ya pili alitoka ananiomba msamaha njia nzima kwenye bajaji.

Akina mama wenzangu, machozi ya siku za mwanzo, hadi wiki mbili hivi, huwapata wengi na hupita yenyewe. Yakivuka hapo, sema. Na mzazi akikosa usingizi kabisa siku mbili tatu, akaongea yasiyoeleweka, akasikia sauti au akadai mtoto siyo wake, hiyo ni dharura ya siku ile ile, hata iwe saa nane usiku. Msisubiri Jumatatu.

La pili ni mdogo wangu wa nne na unga, yaani heroini. Hapa ndipo tulipoteza muda mwingi kuliko kote. Tulimfungia ndani mara sijui ngapi. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inampanda, anatoka jasho, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, analia kama mtoto, siku ya tatu mama anashindwa kuvumilia anafungua mlango. Tukachanga tukampeleka nyumba moja ya kutibia waraibu, sitaitaja, miezi mitatu. Akarudi amenenepa, tukafurahi, wiki ya pili akauza mtungi wa gesi. Baba akasema hana nia. Nami nikaamini hana nia.

Siku moja kijana mmoja wa asasi inayozungukia maskani akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua miaka kumi nyuma: mwili uliozoea heroini kwa miaka hauhitaji kipigo wala kufungiwa, una ugonjwa, na dawa yake ipo. Methadone. Muhimbili ilianza kuitoa 2011, bure, ikafuata Mwananyamala na hapa Temeke, sasa ipo hadi mikoani. Ni dawa ya maji, anakunywa mbele ya mhudumu kila siku, inakata arosto bila kumpandisha kama kete inavyompandisha. Kila siku maana yake kila siku, Jumapili, Idi, Krismasi. Palepale anapimwa VVU, homa ya ini na kifua kikuu, na kuna mshauri na afisa ustawi wa jamii. Kwetu waliomba ndugu wa kumsindikiza mwanzoni, nikawa mimi. Miezi minne nilipanda naye daladala saa kumi na moja alfajiri kabla ya kufungua genge.

Tahadhari moja ambayo kila familia yenye mtu kwenye dawa ile lazima iijue: asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Pumzi inaweza kukata usingizini. Na msimsukume aache haraka kwa sababu "amepona". Wanaipunguza wenyewe taratibu, wengine huchukua miaka. Mdogo wangu ana mwaka wa nne, anaosha magari, mwaka jana alimnunulia mama kitenge.

Na mama mwenyewe? Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza hali yake. Alikuwa halali, anasikiliza geti. Siku ushauri wa familia ulipofanyika aliongea dakika arobaini bila kukatishwa, kisha akasema kichwa kimekuwa chepesi.

La tatu ni ndoa, siyo yangu, ya rafiki yangu tuliyesoma naye Tabora. Hapa naomba nitenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kama mnanuniana, kama ni hela, kama ni mawifi, kama mmeacha kuzungumza, sisi tuna watu wetu. Mshenga hakuwekwa pale kwa ajili ya kupeleka posa tu. Kuna somo wa bibi harusi, wazee, wasimamizi wa ndoa, sheikh, padri. Mwenye busara kati yao anaweza kufanya kazi ambayo mshauri wa kulipwa hawezi, kwa sababu anawajua nyote wawili tangu utoto. Lakini kipigo siyo kununiana. Rafiki yangu alikalishwa vikao vitatu, vyote vikamwambia avumilie, cha tatu alikuwa na jino limevunjika.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, hurudii simulizi yako kwenye madirisha matano. Aliyebakwa awahi ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kukinga VVU ina muda wake, na asioge wala asifue nguo kwanza.

Watu wengi wanaogopa baraza la usuluhishi wa ndoa wakidhani litawalazimisha kurudi. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite barazani kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani, isipokuwa hali chache, kwa mfano mwenzi aliyekutelekeza na hujui aliko. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema hivyo, na hati hiyo ndiyo inakufungulia mlango wa mahakama. Na dada unayeambiwa "hukuleta kitu humu", Mahakama ya Rufani ilishasema 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hela ya wakili ikikosekana, waulizeni TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au wasaidizi wa kisheria walio karibu nanyi.

Rafiki yangu alipata talaka yake. Mwaka mzima baadaye mlango ukijifunga kwa upepo alikuwa anaruka. Mahakama haishughulikii hilo. Alirudi kwa mwanasaikolojia, na huko ndiko alikopata kupumzika.

Karibuni. Naomba tusitajane majina humu.

---

Mzee wa Kihesa

Binti yangu, nimesoma hadi mwisho. Nina kijana wa miaka 21, alikuwa chuo mwaka wa pili. Mwezi wa tatu alirudi nyumbani bila kuaga. Anaongea peke yake, anasema redio inamsema, hali chakula cha mama yake akidai kina kitu. Tumezunguka kwa waganga wawili, mmoja alimfunga kamba siku nne, mikono ina vidonda. Mbuzi wameisha. Naogopa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, kwa sababu tunaambiwa ukiingia hutoki.

Kifungua Mimba

Shikamoo mzee wangu, na pole sana wewe na mama.

Kwanza kamba zifunguliwe na vidonda visafishwe leo. Pili, huhitaji kuanzia Dodoma. Anza hospitali yenu ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Wakiona inafaa ndio watakaoandika rufaa ya mbele. Mirembe ni hospitali, watu wanaingia na kutoka na wengine wanahudhuria kliniki tu. Wanaowatisha wanachanganya na Isanga, kitengo cha walioletwa kwa njia ya mahakama.

Anachokieleza kijana kina jina kwa madaktari na kina dawa, na kawaida huanza umri huohuo wa chuo. Kadiri anavyoanza matibabu mapema ndivyo anavyokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kurudi kwenye maisha yake. Msibishane naye kama redio inamsema au haimsemi. Mwambieni "tunaona hulali, twende tukapate usingizi". Andika kwenye karatasi alianza lini, alibadilika nini kwanza, kama anavuta bangi, kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi. Wataulizia. Gharama zikiwa nzito, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

Dua iendelee, mzee wangu. Ila siku akipewa dawa, asiiache kwa sababu mtu amewaambia tego limeondoka.

---

Wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Dadangu umesema kweli kuhusu mtu wa kwanza. Kwetu Kenya, asiyetaka kuonekana na mtu anaweza kuanza na simu: 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure na wanaongea nawe Kiswahili. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 1192 ni ya NACADA kwa mambo ya ulevi na mihadarati, 116 ni ya watoto. Hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz ina wodi ya akili. Nairobi kuna Mathari.

Jambo jingine. Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na katiba. Kakangu alifichwa nyumbani siku mbili mwaka wa 2019 kwa hofu ya polisi, badala ya kupelekwa hospitali. Alipona, Alhamdulillahi, lakini siku mbili zile hatuzisahau.

Kifungua Mimba

Pole ndugu yangu. 116 ipo na Tanzania pia, ya watoto, bure. Kwetu Kanuni ya Adhabu bado inalitaja jambo hilo kama kosa, na hofu ni ileile. Jamani, mtu akijidhuru kimbizeni hospitali. Mengine yatazungumzwa akiwa hai.

---

Seremala

Nasoma naona ya akina mama, ya watoto, ya mateja. Mwanaume anayeachwa na mke, karakana imefungwa, kodi miezi minne, yeye anaenda wapi? Nikiongea kijiweni watacheka. Wiki hii nimewaza sana kwamba bora nipumzike moja kwa moja.

Kifungua Mimba

Kaka, niko hapa. Nakuuliza wazi, na usione aibu kunijibu: unaposema upumzike, unamaanisha kujiua? Na umeshapanga namna? Uko peke yako sasa hivi?

Muuguzi wa Zamu

Seremala, mimi ni muuguzi, miaka 11 wodini. Kuwaza hivyo hakukufanyi dhaifu, ni dalili kwamba mzigo umezidi. Usiku huu usilale peke yako. Mpigie mmoja tu, hata kama hamjaongea muda mrefu, mwambie maneno haya haya uliyoandika hapa. Kama chumbani kuna sumu ya shambani, dawa nyingi au kitu ulichokifikiria, kitoke kwa huyo mtu akikuhifadhie. Ukiona wazo linasogea, nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote ya serikali, sema "nina mawazo ya kujiua". Hizo ni dalili za dharura kama damu kutoka.

Na wengine mnaosoma: kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo hilo. Wengi huniambia walikuwa wanasubiri kuulizwa.

Seremala

Ndiyo, namaanisha hivyo. Niko peke yangu. Kuna shemeji yangu Tandika, yeye hakuniacha, dada yake ndiye aliondoka.

Kifungua Mimba

Mpigie sasa. Tunasubiri hapa.

Seremala

Anakuja na pikipiki.

Kifungua Mimba

Sawa kaka. Asubuhi muende pamoja. Ukifika dirishani usiseme "kichwa kinauma". Sema lile lile uliloandika hapa.

Nikiwa nawasubiri niwaambieni kitu. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani huko Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, wanachagua tatizo moja kati ya yote, wanatafuta hatua moja ya wiki ile, mtu anarudi kueleza imekwendaje. Waliwapima kwa utafiti uliochapishwa 2016 na waliokaa benchini walipona zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Wenyewe Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na bibi wanalitumia hilo hilo, hawamwanzii mtu na jina la ugonjwa. Sisi si tunasema "nina mawazo"? Ni neno lile lile. Kijiwe kinaweza kuwa benchi la namna hiyo kama kuna mmoja tu asiyecheka.

---

Binti Pemba

Mimi nafanya kazi za ndani Muscat, mwaka wa pili. Simu napewa saa nne usiku. Nyumbani nilikuwa nawaambia niko salama kila siku, kumbe nalia hadi macho yanavimba, sababu wanategemea hela. Nilipougua tumbo nikapelekwa kituo cha afya, nesi akanisalimu kwa Kiswahili, bibi yake alizaliwa Unguja. Nilimwambia yote. Akaniambia tumbo na upweke vinakwenda pamoja, akanieleza ubalozi wetu hapa uko wapi ikiwa nitateswa. Siteswi. Ila nilianza kumwambia dada yangu ukweli, na yeye akaacha kuniomba hela za harusi ya mtu.

Kifungua Mimba

Mdogo wangu, kumwambia dada ukweli huku watu wanategemea mshahara wako ni jambo zito, umefanya vyema. Endelea.

---

Seremala (siku ya tatu)

Nimeonana na daktari na mshauri. Nimeambiwa nirudi Ijumaa. Nalala kwa shemeji, ananipa mbao nimtengenezee meza. Asanteni.

---

Mzee wa Kihesa (siku ya sita)

Binti yangu, tuko hospitali ya mkoa tangu saa moja asubuhi. Ile karatasi ya tarehe ilisaidia, daktari aliisoma yote. Alianza kukataa kuingia, muuguzi mmoja wa kiume akakaa naye chini ya mti wakaongea mpira karibu saa nzima, wakaingia pamoja. Amechomwa sindano, vidonda vimefungwa, amelala. Mama yake anamwangalia tu, anasema hajamwona amelala hivi tangu mwezi wa tatu. Anauliza akiamka anaweza kupewa chakula cha nyumbani, maana amebeba kwenye hotpoti.

Kifungua Mimba

Muulizeni muuguzi wa zamu, bila shaka atawaruhusu, aanze na maji kwanza. Na afungue hotpoti mbele yake, amwone mama anaonja.

Nawe mzee wangu, tangu saa moja umekula?